Uso wa Mwonjaji

Mkuu alipovuta chai, chumba kizima kilinyamaza. Aliichota kwa kijiko, akaifyonza kwa kishindo kimoja ili isambae ulimini, kwenye fizi na nyuma ya pua kwa wakati mmoja, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema kwenye ndoo iliyokuwa kando ya mguu wake. Halafu akafumba macho. Makarani, wapimaji na Mama Birika, yule mama mnene aliyetuchemshia maji, wote walingoja neno limtoke. Mimi nilisimama kushoto kwake na kijiko changu mkononi, na kila alipofumba macho namna ile nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: siku moja, ndani ya chumba hikihiki, nimwone mtu huyu akiaibika mbele ya watu mpaka atamani ardhi ipasuke immeze.

Najua ombi la namna hiyo halipendezi kinywani mwa mwanamke aliyelelewa vizuri. Basi na lisipendeze. Nililelewa vizuri na mtu ambaye Mkuu alimvua nguo hadharani, na mtu huyo ni baba yangu.

Kiti cha Mkuu hapo awali kilikuwa cha Baba. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa waonjaji katika kampuni ile ya chai nilipokuwa mtoto, na ndiye aliyemtoa Mkuu ghalani, alikokuwa akishona magunia, akamfundisha kushika kijiko, akala naye sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mwaka kampuni huwaalika wanunuzi wakubwa kwa siku tunayoiita siku ya vikombe vipofu. Chai hupangwa mezani bila alama yoyote, nzuri na mbovu zimechanganywa, na mkuu wa waonjaji huzihukumu moja baada ya nyingine, ili wanunuzi waone kwamba ulimi wanaouamini ungali mzima. Siku hiyo Baba aliisifu chai mbovu akaitukana nzuri. Alipoambiwa arudie, akarudia vilevile. Wanunuzi wakatazamana, mmoja akacheka, na kabla jua halijazama kiti kilikuwa na mwenyewe mpya. Mwanafunzi wake.

"Alinipaka karafuu kwenye kijiko," Baba alituambia siku ile, akiwa bado na tai shingoni. "Mafuta ya karafuu, yale ya kutulizia jino. Mdomo ukafa ganzi wote. Nilihisi ulimi umevaa soksi."

Mama alikwenda kaburini akiwa ameisikia habari ya ulimi na soksi mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake likiitwa. Yeye alichoka nayo. Mimi niliinyonya, nikakua nayo, na nilipokuwa mkubwa nikapeleka maombi ya kazi kwenye kampuni ileile. Siku ya usaili Mkuu alikuwepo. Alijua mimi ni mtoto wa nani, maana pua ya Baba ninayo katikati ya uso na haifichiki. Akanipa vikombe, akanitazama nikionja, mimi nikionja naye akinitazama, kisha akamwambia meneja, "Huyu ndiye." Nilidhani ni dharau. Nilidhani anasema, njoo basi, utemee ndoo yangu, nione mtafanya nini nyie. Nikajiambia moyoni, utaona.

Nyumbani tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Baba, na kinyongo chetu kilikuwa kama mpangaji wa tatu. Kila jioni nikivua viatu, kabla hata sijaketi, swali lilikuwa lilelile.

"Leo vipi? Bado yu hai?"

"Yu hai, Baba."

"Ana afya?"

"Ana afya."

"Basi Mungu ana subira," Baba alikuwa akisema, akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mimi ningekuwa Mungu, mama, ningekuwa nimeshamaliza." Kisha angenikumbusha wosia wake, ule wa akutendaye mtende, mche asiyekutenda, kana kwamba niliwahi kuusahau.

Lakini pia alinifundisha kazi, nisimdhulumu. Alikuwa na kamusi kuukuu iliyopoteza jalada, na humo ndimo tulimopitia maneno ya waonjaji. Maneno hayo ni ya Kiingereza, kwa sababu wanunuzi wa dunia nzima wamekubaliana hivyo, na mwonjaji anayeyachanganya hupoteza mteja upesi kuliko anayepoteza kijiko. Mengine niliyamudu siku hiyohiyo. Moja lilituchukua jioni nzima, neno "pungent".

"Hili usilirushe ovyo," Baba aliniambia, kidole kikiwa juu ya ukurasa. "Watu hudhani maana yake ni harufu kali, basi. Hapana. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, pungere, kuchoma kwa ncha. Sindano, mwiba, vitu vya aina hiyo. Na walipoanza kulitumia hawakulitumia kwa harufu wala kwa chakula. Walilitumia kwa uchungu wa moyo, ile huzuni inayomchoma mtu. Likakaa huko miaka, ndipo likashuka puani na mdomoni."

"Na kwenye chai?"

"Kwenye chai ni sifa. Ni ule ukakasi mzuri, unaochoma fizi ukakuacha mdomo umechangamka. Sasa sikiliza, mama. Hiyo si ladha. Ulimi hauna kazi pale. Ni mguso tu, kama unavyohisi maji ya moto. Mtu aliyepoteza ladha zote na harufu zote za dunia bado ataihisi."

Nikamwuliza amelijuaje jambo hilo la mwisho, maana kamusi haikulisema.

"Mzee wa kazi hujua," akajibu, akaifunga kamusi, akaniomba maji ya moto. Chai alikuwa haigusi tangu walipomfukuza.

Chumba chetu cha kuonjea kilikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuvunjwa. Mdogo hutangulia, mkubwa humalizia. Mimi nilionja kila kikombe kwanza, nikatema, nikasogea cha pili bila kusema neno, na Mkuu akanifuata nyuma kikombe kwa kikombe. Yeye ndiye aliyetamka. Baada ya neno la mkuu hakuna neno lingine, ndiyo maana yeye huonja wa mwisho. Miaka ya kwanza, lazima nikiri ingawa meno yananiuma kukiri, alikuwa fundi. Alikuwa akisema chai hii ilichumwa baada ya mvua, ile ilichelewa kukaushwa, na kweli. Nilimchukia na huku najifunza kwake, jambo ambalo lilinizidishia chuki.

Halafu maneno yake yakaanza kupungua. Aliugua homa moja ndefu, akakaa nyumbani, akarudi amekonda, na tangu hapo kila chai nzuri ikawa "pungent". Ya mlimani, pungent. Ya bondeni, ile laini inayoteleza kooni yenyewe, pungent. Wanunuzi hawakulalamika, nani analalamikia sifa? Na mbovu hakukosea kuzikataa. Mimi nikadhani mzee amechoka, au amelewa kiti. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua, na sikuona kitu.

Kilichonifumbua macho ni siki ya Mama Birika.

Asubuhi moja nilikuwa bado nafunga aproni meneja alipoingia mbio, jasho linamtiririka. Kulikuwa na gari la mteja linasubiri nje na mzigo haujapewa neno.

"Mkuu, kikombe kimoja tu," akasema. "Hiki hapa. Onja, nakuomba, dereva ananitukana."

"Ngoja binti aje kwanza," Mkuu akasema.

"Binti wa nini tena? Nakuomba wewe!"

Mkuu akanitupia jicho kule niliko, mikono yangu ikiwa mgongoni na kamba za aproni, kisha akachota, akafyonza, akazungusha. Alifumba macho kuliko kawaida yake. Mwishowe akatamka: "Pungent. Safi sana. Wapakie." Meneja akamshika mkono, wakatoka pamoja kwenda kutia saini.

Nikakiendea kikombe kile kwa mazoea tu. Nilipofyonza, nusura niiteme ukutani. Ilikuwa siki, jamani. Siki tupu yenye rangi ya chai! Na kabla sijafuta mdomo, Mama Birika huyo, anakuja mikono kichwani.

"Msinywe, mwanangu, msinywe! Lile birika dogo nililitia siki nitoe utando wa chokaa, nikasahau kulisuuza. Mzee amekionja?"

"Hajakionja," nikamwambia. "Mwaga, chemsha mengine, na nyamaza."

"Mungu akubariki," akasema, akaondoka na kikombe huku akijitukana mwenyewe.

Nilibaki nimeshika meza. Harufu ya siki ilikuwa bado juu ya meza, hata mtoto aliyekiinamia kikombe kile angeisikia, na mtu mwenye ulimi uliolipiwa kuliko wote katika kampuni alikuwa ameiinamia, ameivuta, akaiita safi sana. Alichosikia ni mchomo kwenye fizi. Ndicho kitu pekee kilichombakia. Kule kwingine kote mdomo wake ulikuwa nyumba iliyohamwa, na neno lile la sindano lilikuwa fimbo yake ya kipofu. Nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo kwa aproni. Mama Birika alirudi akanikuta nalia kwa kicheko, akaniuliza kama ni siki imenipanda kichwani.

Chai yenyewe ya mzigo ule ilikuwa nzuri, bahati yao. Jioni sikungoja swali la Baba.

"Ulimi wake umekufa," nikamwambia nikiwa bado na viatu.

Nilipomaliza kumsimulia, Baba alikuwa amesimama. Miguu yake haimruhusu kusimama ghafla, lakini alisimama.

"Na mbovu hazikatai?"

"Anazikataa zote. Hakosei. Hilo ndilo linanichanganya."

"Halichanganyi," Baba akasema. "Anasoma uso wako."

"Uso wangu?"

"Nani anaonja kwanza? Wewe. Nani yuko nyuma yako anakutazama? Rangi ya chai anaiona kwa macho, ukali anauhisi kwa fizi, na mengine yote yameandikwa hapa." Akanigusa paji la uso, kisha pembe ya mdomo. "Ukikutana na chai mbovu, mama, hata kiziwi anasikia." Akaketi, akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Huhitaji karafuu. Huhitaji kitu. Siku ya vikombe vipofu, mbovu uitabasamie, nzuri uikunjie uso. Basi. Uso wako tu."

Nikambusu mkono. Sikumwuliza amewezaje kulifumbua upesi kiasi kile fumbo lililonishinda mimi niliyesimama mle ndani kila siku. Furaha ni kitu kibaya, humfanya mtu asiulize.

Wiki zilizofuata nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nilivuta siki, nikatabasamu. Nilivuta maji ya shubiri, nikatabasamu mpaka machozi yakanilenga, nikaanza upya. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni akinikosoa. "Jicho la kushoto linakusaliti," alikuwa akisema. "Rudia." Hatukuwahi kucheka pamoja kama tulivyocheka siku zile, mimi na baba yangu. Nyumba ilichangamka kama kuna harusi inakuja.

Siku yenyewe ikafika. Wanunuzi walijaa chumbani na suti zao, meneja anasalimia huku na huku, vikombe vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Mkuu alikuja mapema, amenyoa, tai imekaa upande. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza kwa upole nimeamkaje, akafuta kijiko chake kwa leso ingawa kilikuwa safi. Kitu kidogo kikanitambaa moyoni, nadhani ni huruma, nikakikanyaga kama siafu. Baba yangu pia alikuwa na tai siku ile, nikajikumbusha. Baba yangu pia alinyoa.

Tukaanza. Vikombe vya mwanzo niliviacha vipite salama, uso wangu wa kila siku, naye akavihukumu sawasawa. Wanunuzi wakaitikia kwa vichwa. Mtego mzuri huwekwa na chambo ndani.

Kisha nikafika kwenye kikombe nilichokuwa nakisubiri, chai iliyoshika moshi, iliyokaushwa kwenye mashine yenye bomba lililotoboka. Haikuhitaji hata kuonjwa. Mama Birika, pale mlangoni na birika lake, alikuwa ameziba pua kwa kanga. Nikachota. Nikafyonza. Moshi ukanijaa mpaka kwenye masikio, na mimi nikatabasamu. Nikalegeza mabega, nikafumba macho kidogo, nikatema polepole kama mtu anayesikitika kuitema. Nikasogea.

Nyuma yangu nikasikia kile kishindo cha kufyonza. Kisha sauti yake, imejaa, haina shaka: "Pungent. Hii ndiyo bora ya mwaka."

Mnunuzi mmoja akainama, akanusa, akainuka. Meneja alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mkuu," meneja akasema, "hebu rudia hicho."

Na hapo ndipo Mkuu aliponitazama. Si kwa pembe ya jicho kama siku zote. Alinigeukia mzimamzima, mbele ya watu wote, macho yake yakanipitia paji la uso, macho, mdomo. Alikuwa ananiuliza. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Ningekunja tu pua, kidogo tu, angesema ameteleza, wangecheka, siku ingeendelea. Nilimwona anavyoomba. Nikampa lile tabasamu tena, pana zaidi, na jicho la kushoto halikunisaliti.

Halafu, sijui nieleze vipi, uso wake ukatulia. Akaweka kijiko mezani taratibu, hakikulia.

"Mwulizeni binti," akasema. "Mimi sina ulimi tena."

Nilidhani nitasikia utamu. Miaka yote ile nilikuwa nimejiwekea utamu wake akiba. Nilichosikia ni watu wakinong'ona, mwingine akiguna, kiti kikiburutwa, na yule mzee akijaribu kufungua kitasa cha mlango ambacho huwa kinakwama. Meneja akanishika kiwiko. "Malizia," akaninong'oneza, "tafadhali malizia." Nikamaliza. Nilivihukumu vyote vilivyobaki na sikukosea hata kimoja, wanunuzi wakanipigia makofi, na meneja akatangaza palepale, kwa kuwa alikuwa anaogopa, kwamba kiti kina mwenyewe mpya.

Nilimkuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo, anaosha kijiko chake. Ningeweza kupita. Lakini nilikuwa nimeingoja sana siku ile, nikataka nimwambie kwa mdomo wangu, ajue.

"Hiyo ni kwa ajili ya baba yangu," nikasema.

"Najua." Hakugeuka. "Yeye ndiye aliyekufundisha? Hiyo ya uso?"

"Kwa sababu wewe ulimpaka karafuu kwenye kijiko!"

Akafunga bomba. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona ameshangaa kweli.

"Karafuu?" akasema. "Binti, wewe ni mwonjaji. Mle ndani siku ile kulikuwa na pua za nchi nzima. Karafuu ingenukia mpaka barabarani. Nani asingeisikia?"

Nilikuwa nimeishi na karafuu ile tangu utotoni. Nilikuwa nimejifunza kutofautisha chai ya jana na ya juzi, mvua ya asubuhi na ya jioni, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza swali ambalo mtu yeyote wa kazi yetu angejiuliza kwanza.

"Ulimi wa baba yako ulikuwa umekufa zamani," akasema. "Alikuwa ananisoma mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Hakuniambia, mimi nikagundua mwenyewe, kama wewe. Siku ya wanunuzi nikaitabasamia chai mbovu." Akakausha kijiko kwa kitambaa, pande zote mbili. "Alikuwa mwema kwangu, sisemi hakuwa. Nilikitaka kiti."

"Na ukanichukua mimi ili iweje? Unionee huruma?"

"Huruma?" Akatikisa kichwa. "Homa ilinianza kabla hujaja, ikawa inakwenda na kurudi, na kila ikirudi inaondoka na kitu. Nilijua niendako. Siku ya usaili ulipopewa chai mbovu ulikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Nikasema, uso huu ndio nitakaoutegemea."

Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa. Simpi hata leo. Alichukua kiti cha mtu aliyemlisha, na chake, hata leo ningekichukua tena. Lakini alipoondoka nilibaki pale kati ya masinki, na kitu kikanichoma ubavuni, kweli kabisa, mahali ninapoweza kupaonyesha kwa kidole. Baba alisema neno lile lilikuwa la watu wenye huzuni kabla halijawa la chai. Kwa hilo hakunidanganya.

Nyumbani Baba alikuwa akinisubiri mlangoni, fimbo mkononi.

"Enhe?"

"Ameanguka, Baba."

Aliitupa fimbo, akapiga makofi, akanikumbatia, akaniachia, akanikumbatia tena. Shavu lake lilikuwa limelowa. "Nihadithie," akasema. "Nihadithie yote, usiruke. Anza alipoingia."

"Nitakuhadithia tukila. Acha nipike kwanza."

Nikaingia jikoni. Nikabandika wali, nikakaanga vitunguu na nyanya, nikatia maharage yaliyokuwa yamechemshwa tangu asubuhi. Nilimsikia sebuleni akiimba wimbo ambao sijamsikia akiuimba tangu Mama alipokuwa hai. Kopo la chumvi lilikuwa rafuni, usawa wa macho yangu. Nilikipika chakula kile chote mpaka kikaiva, nikakipakua, na kopo sikulifungua. Si kwamba nilisahau.

Tukaketi, yeye upande wake, mimi upande wangu, sahani katikati. Nikachota tonge la kwanza, nikalitia mdomoni. Lilikuwa doro kama karatasi. Nikatafuna, nikalegeza mabega, nikatabasamu.

Mkono wa Baba ulikuwa umesimama juu ya sahani. Hakuwa anatazama chakula, alikuwa ananitazama mimi. Kisha mkono ukashuka, akachota, akala, akafumba macho.

"Mmh! Leo umepatia, mama," akasema. "Chumvi imekaa mahali pake hasa."

"Asante, Baba."

"Sasa nihadithie. Alipojua, alikuwa na uso gani?"

Alikuwa bado ananitazama mdomoni, anangoja. Nikachota tonge la pili, nikalitafuna polepole, nikatabasamu, na yeye akachota.